Kifuniko cha Shanga Juu ya Mizani

Kathure,

Sikuulizi habari za afya, maana nimekusikia hapo jikoni ukibamiza sufuria tangu mchana, na mtu mgonjwa habamizi sufuria namna hiyo. Sasa umetoka kwenda kumuaga nyanya yako na nyumba imetulia. Nimevuta kiti hapa dirishani, kabla giza halijaingia, niandike haya ninayoshindwa kuyasema bila kupandisha sauti. Unanijua. Nikitaka kusema jambo la maana, linatoka kama ugomvi.

Mambo ya blanketi na stovu sitayagusa. Shangazi yako Karimi amekwambia yote, na mengine ameyarudia mpaka nikamhurumia. Isitoshe, Embu si Timau, huko hutalala na soksi. Mimi nataka tuzungumze juu ya lile neno ulilosema jana mezani.

Karimi alikuuliza tu, kwa wema wake, kazi unayokwenda kuanza katika ile hospitali ya karibu na Manyatta ni ya namna gani. Ukajibu huku ukichezea maharagwe kwenye sahani, "Nitawaomba waniweke kwa tembe. Kuhesabu tembe na kuandika lebo. Mizani sitagusa." Karimi akacheka, akidhani ni mzaha. Mimi sikucheka. Nikakuuliza kwa nini, nawe ukaniangalia, ukasema, "Mama, si wewe unajua."

Basi nikawaka. Nikasema mambo ya chuo, na ya majirani wanaongoja kukuona na koti jeupe, mambo ambayo hayakuwa na kazi yoyote pale. Ukaamka ukaacha chakula. Tangu hapo tunapishana mlangoni kama wapangaji.

Sasa nisikilize. Hospitali ndogo kama ile haina watu wawili wa dawa. Siku mama mwenye mtoto wa degedege atakapofika dirishani, atakukuta wewe peke yako. Mizani iko pale na wewe unaiogopa. Utafanya nini? Utachovya kijiko na kukadiria kwa jicho? Najua utafanya hivyo, kwa sababu mtu mwenye hofu hufanya haraka ili yaishe. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, si basi lako la kesho.

Wewe unajua kipande chako cha ile siku. Kipande changu hujawahi kukisikia chote.

Unaikumbuka mizani ya zamani ya chumba changu cha dawa pale hospitalini, ile ya shaba yenye sahani mbili? Ulipokuwa mdogo uliipenda, ukasema inasujudu. Ilikuwa ya polepole, lakini ukikosea unaona kwa macho yako, sahani moja inalala. Kisha tukaletewa ile ya dijitali. Hee, tulivyoringa! Sahani moja tu ya chuma, ndogo kama kisosi, na namba nyekundu. Sista mkuu alikuja kuitazama ikiwashwa kama anayetazama televisheni. Mimi niliipenda pia, sikatai. Lakini nilijifunza baadaye kwamba namba ikikosea haibadiliki rangi. Inakaa pale inang'aa, nyekundu ileile.

Kifuniko chake cha plastiki kilifika kimepasuka vipande viwili. Nawe unajua upepo wa Timau, ukianza kuvuma kutoka mashamba ya ngano unakuta vumbi hata ndani ya chumvi. Nilikuja nyumbani nikilalamika juu ya vumbi lile kila jioni. Ulikuwa darasa la saba, mnafundishwa kufuma vile vifuniko vya jagi la maziwa vyenye shanga pembeni, zile zinazokivuta kitambaa chini kisipeperuke. Hukuniambia kitu. Ukafuma kikubwa, cheupe, ukakizungushia shanga za kioo za bluu, zile nzito. Ukaniwekea ndani ya kikapu changu cha kazini. Nilikikuta kule hospitalini, nikakifunika juu ya mizani, na kilitosha kana kwamba ulikuja usiku ukaipima.

Siku ile Mama Gitonga alifika kutoka Kibirichia asubuhi, mtoto mgongoni. Gitonga alikuwa bado mchanga, anashikwa na degedege mara kwa mara mpaka midomo inakuwa ya kijivu. Daktari akamwandikia dawa ya unga. Dawa ile haikuja ikiwa imepimwa kwa mtoto wa umri ule. Ilikuwa juu yangu kuipima, kuichanganya na unga wa sukari, kisha kuigawa sawasawa kwenye vikaratasi vya kukunja, kimoja kwa kila jioni.

Nikawasha mashine nikaiacha ipate joto, maana ikiwa baridi namba zake hutangatanga. Kifuniko chako nilikikunja nyuma, kikalala juu ya mgongo wa mashine, shanga zikining'inia. Sikukitoa. Weka hapo kidole, nitarudi.

Nikaweka karatasi kwenye sahani, nikabonyeza kitufe cha sifuri, nikaanza kudondosha unga kwa kijiko huku mimi na Mama Gitonga tukizungumza pale dirishani. Namba ikafika nilipoitaka. Nje, pikapu ya viazi iliyomleta ikaanza kupiga honi, dereva anaona mvua inakuja na barabara ile ya tope anaijua. Nikachanganya, nikagawa, nikakunja vikaratasi haraka, nikampa. Akakimbia.

Umefundishwa, na mimi nilifundishwa, kwamba sahani inatazamwa tupu kabla dawa haijatoka mkononi. Karatasi zetu tulizikata kwa kipimo kimoja. Ukiiondoa karatasi baada ya kupima, namba hushuka chini ya sifuri kwa uzito wa karatasi, na ni namba ileile kila siku, hata unaizoea kama jina. Siku ile nilikwisha kuiondoa karatasi, lakini namba sikuitazama mpaka honi iliponyamaza. Ilikuwa imeshuka zaidi.

Kidogo tu. Mtu mwingine angesema ni upepo. Nikabonyeza sifuri, nikachukua jiwe la mizani kwa kibanio, nikaliweka. Sawasawa. Nikaliondoa, nikaliweka tena. Sawasawa kabisa. Kathure, hapo ndipo nilipoogopa. Mashine mbovu ingenipa pa kushika. Hii ilikuwa nzima, na ilikosea mara moja tu, mara ileile ya mtoto yule.

Nikatazama kile kiputo cha maji kinachoonyesha kama mashine imekaa sawa. Kiko katikati. Nikafunga dirisha. Nikazuia pumzi. Nikajiambia labda karatasi ile ilikuwa nene kuliko zenzake. Nilitaka sana iwe karatasi! Nikaipima peke yake. Ilikuwa karatasi kama zile nyingine.

Basi nikafanya upya kila kitu kama nilivyokifanya, tangu mwanzo. Kukunja kifuniko nyuma. Kuweka karatasi. Na hapo nikauona. Ushanga mmoja wa bluu wa pembeni mwa kifuniko ulikuwa umekaa juu ya ukingo wa karatasi, umetulia, kana kwamba ni mahali pake. Nikabonyeza sifuri, na mashine ikakubali sifuri, kwa sababu mashine haijui ushanga ni nini, inahesabu kilichoko juu yake. Nikasogeza kiwiko kama mtu anayechota unga. Ushanga ukateleza, ukabaki unaning'inia hewani, na namba ikashuka chini ya sifuri mbele ya macho yangu.

Unaelewa kilichotokea. Ushanga ulipoondoka, mimi nilikuwa nimeendelea kudondosha unga mpaka namba ikafika. Niliujaza uzito wa ushanga kwa dawa.

Ushanga mmoja ni nini? Kwenye gunia la viazi si kitu. Lakini kwa dawa ile, ya mtoto yule, kila kikaratasi kilichokuwa kikipanda mlima kwenda Kibirichia kilikuwa na karibu dozi mbili ndani yake.

Nilikwenda kwa daktari nikiwa nimeshika kile kifuniko mkononi, sijui kwa nini. Nikamwambia. Akauliza, "Una hakika?" Nikasema nina hakika. Hakuuliza tena. Alichukua ule mpira wa kupulizia pumzi, akamwita dereva Muriuki, tukatoka. Simu hazikuwapo, wewe mwenyewe unakumbuka kulivyokuwa. Mvua ikatupata njiani. Tulikwama, daktari na mimi tukasukuma, tope mpaka kifuani, na Muriuki anarudia, "Polepole, mama, tutafika, tutafika," mpaka nikamfokea anyamaze. Maskini, alikuwa anajituliza mwenyewe.

Moyoni nilikuwa na hesabu moja tu. Kikaratasi ni cha jioni. Bado ni mchana. Hawajampa. Hawajampa bado.

Tulipofika kwenye boma lao, nyanya yake Gitonga alikuwa ameketi karibu na moto, mtoto mapajani. Akatabasamu aliponiona. Akasema chinichini, "Karibuni, lakini polepole, mtoto amelala. Tangu azaliwe hajalala hivi. Mwili wote umelegea vizuri. Mungu akubariki wewe mama wa dawa."

Mtu ananibariki, Kathure! Nimesimama mlangoni na tope langu, nabarikiwa.

Nikauliza alipewa lini. Kumbe degedege ilimshika pale walipoteremka kwenye pikapu, mama yake akaona asingoje jioni, akampa kimoja. Mtoto akatema kidogo. Nyanya, kwa kuona ametema, akampa kingine.

"Mwamsheni," nikasema.

"Tumwamshe? Baada ya taabu yote hii?"

"Mwamsheni sasa hivi. Nimepima vibaya. Ni mimi. Dawa ni nyingi mno."

Baba yake alikuwa ameingia nyuma yetu na panga, alikuwa anakatia ng'ombe majani. Akaniuliza, "Unasema nini?" Nikarudia. Kurudia kulikuwa kugumu kuliko mara ya kwanza. Alinitazama, na kwa muda nilidhani nitakatwa, na haki ya Mungu sikusogea. Kisha akaliacha panga lianguke, akamnyakua mtoto, akatupita akikimbia kwenda garini.

Njiani daktari alikuwa ameweka mkono kwenye kifua cha mtoto. Mama yake anaita, "Gitonga! Gitonga!" Mimi nilishika mguu wake, nikimkwaruza unyayo kwa ukucha. Alikuwa akikunja kidole gumba, nami nashukuru. Akikunja, nashukuru. Halafu tulipokaribia barabara kubwa nikakwaruza na kidole hakikukunjwa. Nikakwaruza kwa nguvu zaidi. Hakuna. Nikamtazama daktari, naye alikuwa tayari ameuweka ule mpira usoni pa mtoto, anaminya, anaachia, anaminya, na akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Muriuki, kanyaga."

Siwezi kukueleza saa zilizofuata pale wodini, kwa sababu sizikumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka mikono ya daktari, na ya muuguzi aliyempokea alipochoka. Nakumbuka nilipokuwa nimeketi chini, na baba Gitonga ameketi mbele yangu, ananitazama tu. Kulipopambazuka mtoto alikohoa, akafungua macho, akalia kwa njaa. Sauti mbovu, ya chura! Mama yake akacheka na kulia kwa pamoja, akampa titi. Leo Gitonga yuko darasa la tatu na ana meno makubwa ya mbele. Baba yake hajawahi kunisalimia tena sokoni Kibirichia. Ananipita kama nguzo. Simlaumu.

Sasa nakuja kwako.

Nilifika hapa nyumbani asubuhi hiyo sijalala. Ulikuwa na sare ya shule, hukuwa umeenda, ulikuwa unaningoja na chai kwenye chupa. Ukanikimbilia na swali lako. Kila siku niliporudi ulikuwa ukiniuliza swali moja, "Mama, leo nani amekiona?" Nami kila siku nilikuwa na jina la kukupa. Leo sista mkuu. Leo mke wa kasisi. Leo yule mwalimu wa nasari, na amesema atakuja umfundishe.

Asubuhi ile uliuliza, "Mama, nani amekiona?" na mimi nikatoa kifuniko kwenye kikapu nikakutupia kifuani. Nikasema, "Shanga zako karibu zimuue mtoto wa watu."

Hukulia. Ingekuwa afadhali. Ulikiokota, ukaenda nyuma ya nyumba ukakitupa kwenye shimo la taka, na ile sindano ya kufumia ukaitupa juu yake. Kisha ukaenda shule umechelewa. Tangu siku ile hujafuma hata kitambaa cha kiti. Na mimi nilikuona, mwaka baada ya mwaka, nikasema moyoni, ah, amekua, ana mambo ya vitabu. Ulipochagua kusomea dawa nilifurahi, nikadhani basi umesahau. Jana ndipo nilipojua hujasahau hata neno.

Sasa ondoa kile kidole tulichokiweka. Kwa nini sikukitoa kifuniko?

Mtu yeyote wa kazi angekitoa. Ni kukishika, kukitia kwenye droo, basi. Mimi nilikikunja nyuma kwa sababu dirisha la dawa liko mbele yangu, nyuma ya mashine, na kikikunjwa nyuma namna ile, shanga zinawaelekea watu. Nilitaka waone. Nilikuwa napanga zile shanga kwa vidole kabla sijafungua dirisha, Kathure, kama bibi harusi anayepanga mkufu. Nilikuwa nangoja waulize.

Na siku ile Mama Gitonga aliuliza. Ndiyo mazungumzo niliyokwambia tulikuwa nayo. Ana mtoto mgonjwa mgongoni, na bado alisema, "Kitambaa kizuri hicho, umenunua wapi?" Nikainua macho nimtazame nikijibu. Nikasema, "Hii hainunuliwi. Ni Kathure wangu, yuko darasa la saba tu, na hakuna aliyemwonyesha, ametoa kichwani." Nikaendelea na kuendelea. Mkono unadondosha unga, mdomo unakusifu, macho yanamtazama Mama Gitonga. Ushanga uliteleza wakati huo. Kama macho yangu yangekuwa kwenye namba, ningeiona ikianguka, maana huanguka ghafla. Sikuiona kwa sababu nilikuwa nakuringia wewe.

Ushanga ulifanya kazi ya ushanga. Mikono na macho vilikuwa vyangu. Nilikwambia maneno yale asubuhi ile kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa karibu, na ulikuwa mdogo, na usingenijibu. Ni neno baya kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu, na nimekuacha ulibebe mpaka ukawa mtu mzima. Naomba unisamehe. Sijui kuomba vizuri, lakini naomba.

Siku iliyofuata nilirudi kwenye mizani ileile. Daktari hakunituma, nilikwenda mwenyewe, kwa sababu akina mama wengine walikuwa kwenye benchi. Mikono ilinitetemeka mpaka namba ikakataa kutulia. Nikaweka kijiko chini, nikakaa juu ya mikono yangu kama mtoto, nikangoja. Mama aliyekuwa dirishani akasema, "Haraka, tunachelewa." Nikamwambia achelewe. Watakuambia hivyo na wewe, na watapiga honi. Waache wapige. Tazama sahani ikiwa tupu, kisha utoe dawa. Na mtu akikuuliza jambo katikati, mwambie angoje, hata kama anakusifu. Hasa akikusifu.

Kule utakuta mizani imesafirishwa kutoka mahali pengine, au imehamishwa chumba. Usiamini neno la mtu kwamba iko sawa. Ilinganishe na jiwe lake pale inapokaa, siku ya kwanza kabla hujavua hata koti. Na vumbi la Embu ni jekundu, linaingia kila mahali. Itahitaji kifuniko.

Fungua begi lako la bluu, chini ya sweta. Nilikitoa shimoni siku ileile ulipokuwa shule. Nimekifua mara nyingi, kimelainika, na upande mmoja una doa la majivu lisilotoka. Leo mchana ulipokuwa ukibamiza sufuria zako, nilikuwa chumbani na wembe, nikikata shanga mojamoja. Zote nimezitia ndani ya chupa ya dawa na kuiweka hapa juu ya kabati, mpaka siku utakayozitaka kwa jagi la maziwa nyumbani kwako.

Asubuhi ukifika kazini kitoe chote, ukitie kwenye droo, ndipo uwashe mashine. Usikikunje. Na wakikuuliza nani alikifuma, usiwajibu mpaka umalize kupima.

Nasikia mbwa wa nyanya yako akikusindikiza. Naiacha hii begini, sitaki uisome mbele yangu. Nitakuuliza tu kama unataka chai.

Mimi mama yako, niliyetaka waone.